Jembe, Mlima na Roho Iliyochoka

Anayetoka Songea kwenda Mbinga hupita Kitai, pale inapochepuka njia ya Lituhi, kando ya Ziwa Nyasa. Kwetu huku miombo, mito na mashamba ya ngolo milimani ni vitu vya kila siku, hata tunasahau kwamba navyo ni msaada wa Mungu kwa akili iliyochoka. Waliotutangulia katika imani hawakusahau.

Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya 6, inagawa siku ya mtawa kati ya sala, kusoma na kazi ya mikono, kwa kuwa kukaa bure huidhuru roho. Kwa hiyo shamba la watawa halikuwa la chakula tu; lilikuwa pia malezi ya roho.

Mfano ulio wazi zaidi uko Lutindi, katika milima ya Usambara, Korogwe. Mwaka 1896 Waprotestanti wa Ujerumani walianzisha huko makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 makao hayo yakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Waliowahudumia walikuwa na uhusiano na Bethel, Ujerumani, ambako chini ya Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh wenye kifafa walipewa kazi bustanini na mashambani, wahesabiwe kuwa watu na si mizigo. Lutindi nako wagonjwa walishika jembe. Dawa za kisasa za magonjwa ya akili zilianza kupatikana miaka ya 1950. Kabla ya hapo udongo, hewa ya mlimani, ratiba ya siku na sala ndivyo vilivyokuwa sehemu kubwa ya matunzo. Dawa zilipokuja, jembe halikutupwa. Hospitali hiyo, iliyo chini ya KKKT, bado inatumia kilimo na mifugo pamoja na dawa.

Maandiko nayo yanatuonyesha njia hiyo. Katika 1 Wafalme 19, Elia anaketi chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hamkemei. Anamwacha alale, anampa mkate na maji, kisha Elia anatembea hadi mlima Horebu, na huko anasikia sauti ndogo ya utulivu.

Ndugu wapendwa, katika jumuiya zetu wapo waliojifungia ndani. Tunasema wamerogwa, au imani yao ni haba, na wao wanazidi kujificha. Tuache maneno hayo. Tumwendee mwenzetu, tumwombe atusindikize shambani au mtoni, tutembee naye taratibu bila kumhoji. Akizidiwa, tumfikishe hospitali mapema. Kutembea naye hakuchukui nafasi ya daktari, wala daktari hachukui nafasi ya ndugu anayetembea naye.