Makabati ya Spika za Besi
Makabati ya spika za besi ni masanduku ya spika yafungwayo, moja au zaidi, kwenye amplifaya moja ya gitaa la besi. Aghalabu hufungwa kwa sambamba: mawili yenye ukinzani wa omu 8 huwa omu 4, na manne huwa 2; kwa mfululizo, mawili huwa 16, na nguvu hupungua. Amplifaya ya transista, ikifungiwa omu chini ya kima kilichoandikwa nyuma yake, hupitisha mkondo kupita kiasi, ikapata moto na pengine kuungua. Ya vali, aghalabu, hudhurika zaidi ikipigwa bila spika. Waya wa spika sharti uwe mnene, wala si ule wa gitaa.