Misafara ya Wakamba Kwenda Pwani

Katika karne ya 19, Wakamba wa Kitui ndio waliobeba sehemu kubwa ya pembe za ndovu zilizofika Mombasa, na kutoka hapo zikavuka bahari hadi India na Ulaya. Mmisionari Johann Ludwig Krapf aliandika kwamba misafara yao ilikuwa na watu 200 hadi 300. Kundi kubwa namna hiyo halikuondoka kiholela. Lilihitaji kiongozi mwenye jina, mali na jamaa wengi, kama Kivoi wa Kitui, aliyempokea Krapf mwaka 1849.

Shida kubwa kuliko zote ilikuwa maji. Nyika kati ya Ukambani na pwani ni kavu, hivyo njia ilipangwa kwa kufuata mito na visima, na vibuyu vilijazwa kila penye nafasi. Uzito wa jambo hili ulionekana Agosti 1851, Kivoi alipouawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana. Krapf, aliyekuwa safarini naye, alikimbia peke yake bila chombo cha maji; alijaza mfuko wa ngozi wa darubini yake pamoja na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Bila ya hila hiyo huenda asingenusurika.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, katika Makueni ya leo, na kufika Nairobi mwaka 1899. Safari ya majuma kwa miguu ikawa ya siku chache tu.