Lori la Vita na Mkulima wa Milimani

Chama chetu Kikuu kinapotimiza miaka kumi, yafaa tutazame nyuma, mbali kuliko hiyo miaka kumi yetu, tupate kuona jinsi watu waliotutangulia walivyolikabili jambo linalotukabili sisi leo. Jambo lenyewe ni gari la kwanza. Katika mikutano ya vyama vya msingi vya Kwai na majirani zake swali hili halikosi kuulizwa: fedha tulizojiwekea zitanunua gari gani? Na kila mara husimama mwanachama akasema kwamba magari ya jeshi yaliyokwisha tumika huuzwa rahisi, tena ni imara. Maneno hayo si mapya. Yalisemwa kotekote Afrika ya Mashariki baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika katika mwaka wa 1945, na mambo yaliyowapata watu walioyafuata ni somo ambalo sisi twaweza kulipata bila ya kulilipia.

Taabu ya uchukuzi katika milima ya Usambara ni ya zamani. Katika mwaka wa 1896 Serikali ya Kijerumani ilifungua shamba la majaribio hapa Kwai, ikajaribu nafaka, viazi, mboga na ng'ombe wa kutoka Ulaya. Baridi ya huku juu iliyafaa mengi ya mazao hayo, lakini zao lililostawi halina faida mpaka limfikie mnunuzi. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, nayo ilipita chini bondeni. Baina ya mashamba ya Lushoto na stesheni ile palikuwa na mteremko upatao mita 1,000. Kampani moja iliyopasua mbao huko Shume ilijenga njia ya kamba za chuma, ikateremsha mbao zake zikining'inia hewani mpaka Mkumbara. Mkulima hakuwa na kamba za chuma. Alikuwa na kichwa chake na mabega yake. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa kilo 25 hadi 30. Kwa hiyo shehena ya lori moja la tani 3 yatosha vichwa vya watu 100. Aifikiriye hesabu hiyo hawezi kushangaa kwa nini lori lilitamaniwa sana.

Kisha ikaja vita. Watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia katika utumishi wa jeshi. Askari wa Afrika ya Mashariki walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Wengi wao hawakushika bunduki tu. Walifundishwa kuendesha malori na kuyatengeneza, na mtu aliyepita na lori katika matope ya Bonde la Kabaw, huko Burma, alirudi kwao na ujuzi ambao baba yake hakuuota. Wakati huo huo viwanda vya mataifa yaliyokuwa vitani vilitoa magari kwa wingi usiopata kuonekana. Kanada peke yake ilitengeneza magari ya kijeshi zaidi ya 800,000, hasa ya Ford na Chevrolet. Marekani ilitengeneza malori ya GMC ya magurudumu yote zaidi ya 500,000. Nalo lori la Bedford QL la Uingereza, lenye kusukuma kwa magurudumu yote manne, lilitengenezwa zaidi ya 50,000.

Vita vilipokwisha, magari hayo yakawa mzigo kwa wenyewe, yakauzwa. Na wanunuzi hawakukosekana, kwa sababu magari mapya yalikuwa adimu. Uingereza ilikuwa na upungufu wa dola, kwa hiyo uagizaji wa magari ya Marekani katika makoloni yake ulizuiliwa sana. Basi mtu aliyetaka lori alikuwa na njia mbili: kungoja, au kununua la jeshi. Huko Kenya askari wengi waliorudi walichanga viinua mgongo vyao, wakaunda kampani ndogo ndogo za biashara na uchukuzi, na lori ndilo lililokuwa tumaini lao kubwa. Wachache walifanikiwa. Wengi walipoteza akiba ya miaka yote ya vita.

Kwa nini ikawa hivyo? Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Lori la jeshi linapokuwa jeshini haliendi peke yake. Nyuma yake yupo fundi anayelipwa mshahara hata siku ambayo gari ni zima. Ipo ghala ya vipuri, ipo karakana, yapo mapipa ya petroli ambayo dereva hayalipii, na lipo gari jingine la kulivuta likikwama. Jeshi halihesabu senti ngapi zimetumika kwa kila gunia lililochukuliwa. Lahesabu kama gunia limefika. Siku lori lilipouzwa mnadani, liliuzwa peke yake. Fundi, ghala, karakana na petroli havikuuzwa pamoja nalo. Mnunuzi alilipa bei ndogo kwa chuma, kisha akagundua kwamba yampasa kununua jeshi zima lililosalia, kipande kwa kipande, kutoka mfukoni mwake.

Mipira ya malori yale ilikuwa ya vipimo vya kijeshi, ambavyo mara nyingi havikulingana na vya malori ya biashara. Kusukuma kwa magurudumu yote kulikula petroli nyingi kuliko lori la kawaida la uzito ule ule. Na kwa kuwa viwanda vilikuwa vimekwisha acha kutengeneza magari hayo, kipuri kilichovunjika kilipatikana katika gari jingine lililokufa. Ndiyo maana mwenye malori mawili mara nyingi alijikuta na moja linalokwenda na moja linalochinjwa ili mwenzake aishi.

Mtu asidhani kwamba hayo ni matatizo ya maskini tu. Katika mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga hapa Tanganyika, makao yake yakiwa Kongwa. Mashine mpya hazikupatikana, basi yakanunuliwa matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino. Na vifaru aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Ilikusudiwa kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Hata mwisho wa mwaka wa 1947 zilizosafishwa zilikuwa kama 7,500 tu. Sababu zilikuwa nyingi: udongo mgumu, ukame na haraka ya wakubwa. Lakini mojawapo ilikuwa kwamba matrekta mengi yalifika yamechakaa, na vipuri na mafundi havikutosha. Mpango ulipoachwa mwaka 1951, fedha zilizopotea zilizidi paundi milioni 30. Ikiwa Serikali yenye hazina kubwa ilishindwa kuponya mashine za vita, chama cha wakulima hakina budi kufikiri mara mbili.

Hata hivyo tusiwe waonevu kwa malori yale. Yaliundwa kwa nguvu. Yaliinuka juu ya mawe na mifereji, yaliweza kupita mahali pasipo barabara, na injini zake zilikuwa za namna ambayo fundi mwenye spana na akili aliweza kuzifungua na kuzifunga. Penye matope na pasipo daraja, lori la namna hiyo lilifanya kazi ambayo lori zuri la mjini lisingeiweza. Swali kwetu ni kama kazi yetu ndiyo kazi hiyo.

Hapa yatupasa kutazama nchi yetu wenyewe. Mzigo wa Kwai hushuka. Viazi, kabichi, karoti na njegere huteremka mpaka Mombo, kisha hufuata njia ya Tanga au Dar es Salaam. Gari hushuka limejaa na hupanda likiwa jepesi, au na mbolea na bidhaa za duka. Kwa hiyo katika kona za Soni jambo la kwanza ni breki. Nguvu ya injini hufuata. Mnunuzi asifuye nguvu ya gari kuukuu kabla ya kukagua breki, usukani na mipira yake, amelinunulia bonde. Nguvu ya magurudumu yote ina faida yake kubwa katika njia za shambani wakati wa masika, kutoka konde mpaka barabara kuu, na huo ni mwendo mfupi tu wa safari nzima.

Jambo la pili ni aina ya zao. Ndugu zetu wa Kilimanjaro, ambao chama chao kikuu cha KNCU kilianzishwa mwaka 1933, huuza kahawa. Kahawa iliyokauka yaweza kukaa ghalani lori likitengenezwa. Kabichi haingoji. Lori likilala siku tatu likingoja kipuri, mali ya wanachama huoza ikitazamwa, na bei nafuu ya gari huwa imekwisha liwa yote kwa hasara ya juma moja. Gari la mboga hupimwa kwa siku linazokwenda.

Kutokana na historia hiyo twapendekeza kwa Halmashauri na kwa wanachama mambo haya. Kabla ya kuuliza bei, iulizwe vipuri vya gari hilo vyauzwa duka gani, na fundi alijuaye akaa wapi. Fedha ya kununulia isiwe fedha yote iliyopo. Sehemu yake ibaki kwa mipira, breki na matengenezo ya mwaka wa kwanza. Dereva awe ni fundi, au awe na fundi karibu, na kila safari iandikwe katika daftari: mzigo, petroli na matengenezo. Tena kila gunia lichukuliwalo litozwe kiasi kidogo cha uchakavu, kiwekwe mbali na matumizi mengine, kwani haba na haba hujaza kibaba, na siku lori la kwanza litakapokufa, lori la pili liwe limekwisha nunuliwa nusu.

Chama kitakachoweza kujibu hayo chaweza kununua lori lolote, la jeshi au la raia, jipya au kuukuu, nalo litakitumikia. Kisichoweza kuyajibu na kiendelee kukodi malori ya wengine kwa msimu mmoja au miwili, kikijiwekea akiba. Kukodi si aibu. Fedha ya ushirika ni jasho la watu walioinama shambani, na yeyote atakayetumwa kwenda kununua gari amebeba jasho hilo mfukoni mwake. Twawatakia wanachama wote miaka kumi mingine ya mavuno mema, na mboga zifikazo sokoni zikiwa bado mbichi.