Linux iliyozaliwa na miaka 14

Chukua mstari wowote wa zamani kwenye msimbo wa Linux, kisha iulize Git: huu uliandikwa na nani? Mara nyingi utajibiwa: Linus Torvalds, 16 Aprili 2005. Wapi! Linux ilianza 1991, na mistari hiyo ina wenyewe. Ila kwa Git, dunia iliumbwa siku hiyo.

Ilikuwaje? Tangu 2002 mabadiliko ya Linux yalitunzwa kwenye BitKeeper, programu ya kampuni iliyotolewa bure kwa masharti. Mwaka 2005, baada ya Andrew Tridgell kuchunguza jinsi inavyowasiliana na seva zake, kampuni ikafuta ruhusa ya bure. Torvalds akaanza kuandika Git, na ndani ya siku chache ikawa inafanya kazi. Historia ya BitKeeper ilikuwepo, lakini akaamua kutoiingiza: ingekula kama GB 3.2, mzigo mzito kwa programu changa. Akaweka toleo 2.6.12-rc2 lilivyo, kazi ikaendelea.

Sasa utamu uko hapa. Kila badiliko katika hazina hii ya Git lina alama ya SHA-1 yenye tarakimu na herufi 40, inayokokotolewa pamoja na alama ya mzazi wake. Ukilipa badiliko la kwanza mzazi leo, alama yake inabadilika, ya mtoto wake pia, ya mjukuu, mpaka mwisho wa ukoo. Nakala yako haitapatana tena na ya mtu yeyote.

Dawa yake ni ya kistaarabu: rekodi usiiguse, badilisha namna ya kuisoma. Thomas Gleixner aliiweka historia ya BitKeeper kwenye hazina ya pembeni. Anayeitaka anaishusha, kisha anaandika kwenye faili la grafts, yaani vipandikizi, kwamba mzazi wa badiliko lile la 2005 ni hili hapa. Baadaye ikaja amri ya git replace, na kwangu ni bora zaidi, maana kiungo hicho unaweza kuwatumia wenzako. Na anayetaka historia fupi tu? Git huweka faili liitwalo shallow, linaloorodhesha mabadiliko ambayo wazazi wake wameachwa makusudi, ili isidhani kumbukumbu imeharibika.

Kwa hiyo ukiona ^1da177e pembeni mwa mstari, usimwandikie Torvalds barua pepe. Kikofia kile mbele kinakuambia umefika mpakani. Mwandishi halisi katafute ng'ambo.