Donholm: Jina Lililopoteza Herufi Moja

Swali ambalo Mkenya hawezi kulikwepa ni "kwenu ni wapi?" Ukijibu Donholm, utaambiwa, "Zii, kwenu kabisa. Ushago." Hata kama umelipa rent hapo miaka na mikaka, na mama mboga anakukopesha sukuma mwezi ukiwa kwenye kona, bado haihesabiki. Mimi sikuzaliwa Donholm, nilihamia. Na nimechoka kujitetea, kwa hivyo leo wacha historia initetee.

Kwanza tukubali ukweli: kwa sifa, majirani wametushinda. Dandora ina Ukoo Flani Mau Mau. Kayole imemtoa Khaligraph Jones. Buruburu ina nganya zake za 58. Kaloleni ina social hall iliyojaa mikutano ya siasa kabla ya Uhuru. Sisi je? Sisi tuna jina. Lakini hilo jina limesafiri.

Kusini magharibi mwa Scotland, karibu na mji wa Ayr, kuna mto unaoitwa Doon. "Holm" ni ardhi tambarare kando ya maji. Unganisha hayo mawili upate Doonholm, shamba kubwa la mwenye mali katika kijiji cha Alloway. Mtunza bustani mmoja wa shamba hilo aliitwa William Burnes. Tarehe 25 Januari 1759 alipata mtoto wa kiume, Robert, ambaye baadaye alikuja kuwa mshairi wa taifa la Waskoti, Robert Burns. Ndiye aliyetupa "Auld Lang Syne", ule wimbo unaoimbwa saa sita usiku mwaka mpya ukiingia. Kwa hivyo kila Desemba 31 dunia inaimba maneno ya mtoto wa shamba boy wa Doonholm. Mtu wa Buruburu akikuringia, mpe hiyo.

Jina lilifikaje hapa? Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na nyuma yake wakaja walowezi. Mmoja wao, Mskoti James Kerr Watson, alifuga ng'ombe wa maziwa upande huu wa mashariki mwa mji. Shamba lake akaliita Doonholm. Namwelewa. Kila mhamiaji hubeba kwao mfukoni, ndiyo maana kuna hoteli zenye majina ya vijiji vya mbali kila kona ya Nairobi. Tofauti ni kwamba mwenye hoteli analipa kodi ya kibanda. Mlowezi alipewa ardhi na serikali ya kikoloni bila waliokuwapo kuulizwa. Jina Nairobi lenyewe limetoka kwa Wamaasai, likimaanisha maji baridi. Mwaka 1904 mkataba na Waingereza uliwasukuma Wamaasai kwenye maeneo ya hifadhi, na mwaka 1915 sheria ya ardhi ikawaruhusu walowezi kukodi mashamba kwa miaka 999. Piga hesabu: mtu aliyesaini mwaka huo alijiona hapa hadi 2914.

Barabara ya kutoka mjini kuelekea shambani ikaitwa Doonholm Road. Kandokando yake zikajengwa nyumba za wafanyakazi Waafrika: Kaloleni, Makongeni, Mbotela, Maringo, Jericho. Hata City Stadium, uwanja uliolea vizazi vya mashabiki wa Gor Mahia, uliwahi kubeba jina la barabara hiyo. Watu waliotembea na kipande shingoni walilitamka jina la shamba la Scotland kila asubuhi wakienda kazini, kwa lafudhi zao wenyewe. Nadhani hapo ndipo Watson alipoanza kunyang'anywa jina lake.

Baada ya Uhuru barabara ikawa Jogoo Road, na jogoo, tunajua, alikuwa alama ya KANU. Doonholm ingeishia hapo. Badala yake, shamba lilipogeuka mtaa, jina likabaki mwisho wa barabara, likiwa limepungukiwa na "o" moja njiani. Nyumba zikajengwa awamu kwa awamu, ndiyo sababu hadi leo mtu anakuelekeza kwa Phase 5 au Phase 8 kana kwamba ujenzi haujaisha. Ng'ombe waliondoka. Maziwa tunanunua kwa ATM ya dukani.

Wapo wanaosema jina la mlowezi lifutwe. Nawasikia, kwa sababu ardhi haikupatikana kwa haki, na hilo halisahauliki kwa sababu ya mshairi mzuri. Lakini kwetu majina hayapokei amri. Total ilichukua biashara ya Caltex nchini mwaka 2009, na bado makanga anagonga bodi: "Caltex wa kushuka!" Hakuna ofisi iliyoamua hivyo. Wanaoshuka ndio walioamua.

Ndiyo maana ningependa Donholm ibaki, mradi tujue ilikotoka. Ile miaka 999 haikufika hata hamsini kabla ya Uhuru. Kilichodumu ni sauti za watu wasiokuwa kwenye mkataba wowote: mama mboga, jamaa wa smokie pale stage, watoto wanaocheza bano kwenye parking na ambao hawana kwingine wanakokumbuka. Hao wakiulizwa kwao ni wapi, watajibu nini? Kuwaambia wataje kijiji walichokiona mara mbili, kwa mazishi, ni kuwanyima kwao.

Mimi jibu langu ninalo. Mskoti alikuja na jina akidhani ni lake milele. Mimi nimekuja na godoro na jiko la gesi, nikalikuta jina tayari limeshavunjwavunjwa na vinywa vya wengi likawa laini. Kwetu ni Donholm. Ukiuliza tena, nitasema Caltex, halafu ushuke mbele kidogo.