Nywele za Muthoni na ile chupa ya mafuta niliyowauzia

Wasee, wacha nianze na kukiri, ndio mtu asikuje kunianika baadaye. Mwaka jana nilichukua elfu tatu kutoka kwa mtu fulani, nikasimama mbele ya simu hapa Lurambi, nikainua chupa ya mafuta na kusema nywele zangu zimefika mabegani kwa sababu ya hayo mafuta. Uongo mtupu. Zilikuwa zimefika mabegani (ukizivuta, tusidanganyane tena) kwa sababu nilikuwa nimekaa miaka mitatu bila kunyoa na bila kuzichoma na pasi.

Baadaye dem mmoja wa huku Sichirai alinitumia meseji. Alikuwa amenunua chupa mbili na pesa ya matumizi, na nywele hazijasonga hata kidogo. Aliniuliza kama shida ni kichwa chake. Sikuwa na jibu, so nikaanza kusoma. Niliacha chuo mwaka wa pili lakini hakuna mtu alininyang'anya macho.

Na kusoma huko kulinipeleka mbali na mafuta, mpaka Nyeri.

Mnakumbuka Aprili 2022? Muthoni wa Kirima, yule mama wa Mau Mau aliyepewa cheo cha fildimasho, alinyolewa rasta ambazo alikuwa amezifuga tangu miaka ya hamsini. Alikuwa amepita miaka tisini. Alikuwa ameapa hatazikata mpaka aone matunda ya uhuru. Aliyeshika mkasi ni Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza, na mtandaoni kukawaka moto: matunda gani hayo yameonekana, na kwa nini anyolewe na mtu wa familia hiyo? Mimi nilikuwa nimetoka tu kumaliza KCSE, kichwa kama yai, nikaangalia picha moja moja nikiwaza kitu kimoja tu. Hizo nywele zilifikaje hapo? Zilikuwa zimeshuka chini ya kiuno kabisa. Zangu zilikuwa hazijawahi kufika shingoni.

Sasa sikiza vile inaenda. Kila unywele unatoka kwenye kishimo chake kwenye ngozi, na kichwani tuko na vishimo kama laki moja. Sehemu iliyo hai ni ile ya ndani, chini kabisa. Hiyo unaona nje, unayosuka na kupaka mafuta, imekufa tayari, ni kama kucha. Kishimo kinafanya kazi kwa zamu. Kinakuza unywele miaka miwili, mitatu, kwa wengine sita ama saba. Halafu kinafunga kazi, kinapumzika kama miezi mitatu, unywele unaanguka, kinaanza mwingine. Ndio maana unaona nywele hamsini mpaka mia kwa kitana kila siku na huna upara. Nyusi ziko na zamu fupi sana, ya miezi tu, na hiyo ndiyo inakuokoa usisukwe nyusi.

Kwa hivyo urefu wako ni hesabu: kasi mara muda wa zamu, toa zinazokatika. Kuna watafiti walipima mwaka 2001 wakapata nywele za Waafrika zinakua wastani wa mikromita 256 kwa siku, za Wazungu 396. Ukipiga hesabu, sisi ni sentimita tisa na kitu kwa mwaka, wao kumi na nne. Mtu mwenye zamu ya miaka sita anafika sentimita 56 hivi, ikiwa hakuna kilichokatika njiani. Na zetu hukatika, kwa sababu zimejikunja, kila kona ni mahali pa kuvunjikia, na mafuta ya ngozi hayashuki vizuri kwa kitu kilichojiviringa. Mafuta ya chupa yanaweza kupunguza kukatika. Zamu ya kishimo hayaigusi.

Sasa cheki Muthoni. Kama mwisho wa kawaida ni hizo sentimita hamsini na kitu, za kwake zilivukaje kiuno? Jibu ni kwamba rasta haiachilii. Unywele ukimaliza zamu yake na kung'oka, hauanguki chini, unabaki umeshikwa na wenzake, na mpya unamea ukijisokota hapo hapo. Yaani karibu kila kitu kilichokuwa chini ya mabega ya yule mama kilikuwa kimeachana na ngozi yake miaka mingi. Alikuwa anatembea na nywele ambazo mtu mwingine yeyote angekuwa amefagia na kutupa. Na bado hata rasta huisha ncha. Miaka sabini mara sentimita tisa ni zaidi ya mita sita, na hakuwa na mita sita. Sehemu kubwa ilisagika njiani.

Hesabu hiyo hiyo inafaa kwa Dedan Kimathi. Ile picha yake ya Oktoba 1956, amelala, amefungwa pingu, rasta zake ni fupi kuliko tunavyozikumbuka. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Miaka minne ni kama sentimita 36 ukinyoosha, na nywele kama zetu zikijikunja hupoteza hata nusu. Zinalingana. Ukitaka kujua mtu amekaa msituni muda gani bila kinyozi, angalia kichwa. Waingereza walijua hivyo pia, kwa sababu walipounda magenge bandia ya kuwinda wapiganaji, maofisa wao wazungu walijipaka rangi nyeusi na kuvaa mawigi. Miaka ya kichwani huwezi kuighushi haraka, so unavaa ya bandia.

Nikarudi kwa yule dem. Na kwangu. Mimi niliingia kidato cha kwanza 2018, nikanyolewa. Corona ikafunga shule Machi 2020, nikakaa nyumbani miezi tisa na zaidi, nikapata kama sentimita saba, nikaringa nazo. Januari 2021 tukafungua, na kabla sanduku lifike bweni nilikuwa nishanyolewa tena. Wasichana wengi wa Kenya wanafikisha miaka kumi na nane bila kuwahi kuona nywele zao zikimaliza hata zamu moja. Unatoka shule ukiwa na sifuri, unangoja miezi sita, unaona sentimita nne na nusu zimejikunja zikawa mbili, unaamua uko na shida. Hapo ndipo mtu kama mimi anakuja na chupa.

Mahakama Kuu iliamua Septemba 2019 kwamba shule ilikosea kumfungia nje mwanafunzi Mrasta kwa sababu ya rasta zake. Sawa, lakini hiyo ilimwokoa mwenye dini. Asiye na dini ya nywele bado anaingia kwenye foleni ya mashine. Na msiniambie kunyoa kunafanya ziote nzito, mashine haifiki kwa kishimo. Ni ncha tu imekuwa butu.

Hapa kwetu Waluhya wananyoa siku chache baada ya mazishi, na kikao hicho hicho ndicho madeni ya marehemu hutajwa. Nilikumbuka hivyo nikiwa nimefungua M-Pesa. Yule dem nilimtumia pesa ya chupa moja, nikamweleza hesabu ya sentimita tisa, nikamwambia aache kuchoma na apunguze kusuka kwa kubana.

Akajibu, "Na ya pili?"

Ya pili nitamtumia mwisho wa mwezi.