Utayarishaji wa muziki wa elektroniki

Utayarishaji wa muziki wa elektroniki ni kazi ya kutunga, kurekodi, kuhariri na kuchanganya sauti kwa kutumia vyombo vya umeme na kompyuta. Anayeifanya huitwa mtayarishaji. Mitaani nchini Tanzania na Kenya hujulikana zaidi kama prodyuza. Katika muziki huu studio yenyewe ni chombo cha muziki, na mara nyingi mtu mmoja huwa mtunzi, mpigaji na fundi mitambo.

Historia

Mwaka 1944 mtunzi Halim El-Dabh wa Misri alirekodi sherehe ya zar mjini Kairo kwa mashine iliyohifadhi sauti kwenye waya, kisha akaibadilisha sauti hiyo katika studio ya redio. Mwaka 1948 Pierre Schaeffer wa redio ya Ufaransa alitunga muziki kwa sauti za treni zilizorekodiwa. Wakati huo mitambo ilikuwa ghali, ikipatikana hasa katika vituo vya redio na vyuo vikuu.

Mwaka 1983 ulianza kutumika mfumo wa MIDI, unaowezesha vyombo vya kampuni mbalimbali kuwasiliana. MIDI haibebi sauti bali maagizo: noti ipi ipigwe, lini na kwa nguvu gani. Baadaye programu kama FL Studio na Ableton Live zilihamishia sehemu kubwa ya studio ndani ya kompyuta.

Mambo ya msingi

Mwanafunzi wa fani hii hujifunza hasa mambo yafuatayo:

- Sauti ya kidijiti: kompyuta hupima wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde. Idadi ya vipimo inapaswa kuzidi mara mbili ya mitetemo ya sauti ya juu kabisa inayorekodiwa. Kwa kuwa binadamu husikia takriban hezi 20 hadi 20,000, CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde.
- Sintesaiza: chombo kinachounda sauti kwa umeme au kwa hesabu za kompyuta.
- Sampuli: kipande cha sauti iliyorekodiwa kinachotumika upya. Sampuli ya wimbo wa mtu mwingine kwa kawaida huhitaji idhini ya mwenye hakimiliki.
- Kuchanganya: kupanga ukubwa na nafasi ya kila sauti ili ngoma, besi na uimbaji visifunikane. Sauti ikizidi kikomo cha mfumo, vilele vya mawimbi hukatwa na kusikika kama mkwaruzo.

Njia za kujifunza

Wengine husoma vyuoni, wengine hujifunza kwa kukaa studio na prodyuza mzoefu au kwa video za intaneti. Zoezi la kawaida ni kusikiliza wimbo uliokwisha kutolewa na kuulinganisha na kazi yako kwa ukubwa uleule wa sauti, kwa sababu sikio hudhani sauti kubwa zaidi ndiyo bora. Chumba nacho huathiri matokeo: kuta tupu hurudisha mwangwi, na pembe za chumba huzidisha besi.

Singeli ni mfano wa fani hii kukua nje ya vyuo. Muziki huo ulizaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam, ambako watayarishaji walichukua vipande vya taarabu na kuviharakisha kwa kompyuta za kawaida. Mara nyingi kasi yake huzidi midundo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, Uganda, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliofikisha singeli kwa wasikilizaji wa nje.

Usalama wa masikio

Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wengi wa afya kazini, sauti ya desibeli 85 isisikilizwe zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila inapoongezeka kwa desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 94 inabaki saa moja tu. Chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio la binadamu hazioti tena, hivyo mtayarishaji asiyepumzisha masikio huweza kupoteza kabisa nyenzo kuu ya kazi yake.